Bass Reeves: Afisa wa sheria aliyemtia mbaroni mwanawe, na ambaye kaburi lake halijulikani hadi leo

KATIKATI ya mwezi Januari mwaka 1910, mzee mmoja Mweusi alizikwa mjini Muskogee, jimbo la Oklahoma, nchini Marekani. Magazeti ya mji huo yaliyomilikiwa na Wazungu yalimwandikia tanzia ndefu zilizojaa sifa, jambo lililokuwa nadra mno kutendewa mtu wa rangi yake katika zama hizo. Yalieleza ushujaa wake, uaminifu wake na miaka mingi aliyoitumikia serikali. Walakini hakuna aliyeacha maelezo ya kuwawezesha watu wa baadaye kulitambua kaburi lake. Zaidi ya karne moja imepita, na hadi leo hapana ajuaye kwa yakini mahali alipolazwa Bass Reeves.

Jina hilo huenda lilikuwa geni kwa wengi miaka michache iliyopita. Waliolelewa kwa filamu za mabwana wa farasi na bastola walizoea majina mengine: Wyatt Earp, Wild Bill Hickok, Pat Garrett. Wote hao walikuwa Wazungu, na wote wana makaburi yanayozuriwa na watalii. Kaburi la Earp, aliyefariki mwaka 1929 na majivu yake kuzikwa katika makaburi ya Wayahudi huko Colma, California, lilikuwa mashuhuri kiasi kwamba mwaka 1957 wezi walilibeba jiwe lake zimazima. Ilhali Earp alivaa beji ya sheria kwa miaka michache tu ya aushi yake ndefu. Reeves aliivaa kwa miaka 32 mfululizo katika eneo lililokuwa hatari kuliko yote magharibi mwa Mto Mississippi.

Alizaliwa mtumwa mnamo Julai 1838 katika Kaunti ya Crawford, Arkansas. Kama ilivyokuwa desturi, alibeba jina la ukoo wa waliommiliki. Bwana wa kwanza alikuwa William Reeves, mwanasiasa na mkulima, ambaye mwaka 1846 aliihamishia familia na watumwa wake hadi Kaunti ya Grayson, kaskazini mwa Texas. Baadaye kijana huyo akawa mtumwa wa George Reeves, mwana wa William, aliyekuwa kanali katika jeshi la majimbo ya kusini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyoanza 1861, na aliyepanda ngazi hadi akawa Spika wa Bunge la Texas. Kanali huyo aliaga dunia mwaka 1882 kwa kichaa cha mbwa baada ya kuumwa. Texas ilimuenzi kwa kuipa kaunti nzima jina lake, na Kaunti ya Reeves ingali katika ramani.

Bass hakungoja kuachiliwa huru. Familia yake ilisimulia kwamba siku moja wakati wa vita alizozana na bwana wake katika mchezo wa karata, akamwangusha kwa ngumi, kisha akatoroka usiku akijua kuwa mtumwa aliyempiga bwana wake alistahili kifo. Alivuka Mto Red na kuingia katika eneo lililoitwa Indian Territory, ambako serikali ya Marekani ilikuwa imewahamishia kwa mabavu wenyeji asilia wa nchi hiyo: Wacherokee, Wakreek, Waseminole, Wachoctaw na Wachickasaw. Mataifa hayo matano nayo yalikuwa na watumwa Weusi, hivyo kimbilio hilo halikuwa pepo. Hata hivyo, Bass aliishi miongoni mwao, akajifunza lugha zao, hasa Kikreek, na akazijua njia, mito na mapango ya nchi hiyo. Utumwa ulipoharamishwa mwaka 1865, alinunua ardhi karibu na Van Buren, Arkansas, akawa mkulima na mfugaji wa farasi, akamwoa Jennie na kupata watoto wengi.

Huenda angezeekea shambani lau si mabadiliko yaliyotokea mwaka 1875. Mwaka huo Jaji Isaac Parker aliteuliwa kuongoza mahakama ya serikali kuu mjini Fort Smith, mpakani mwa Arkansas na Indian Territory. Mahakama za mataifa ya wenyeji hazikuwa na uwezo wa kumhukumu Mzungu wala Mweusi kutoka nje, na kwa hiyo majambazi wa kila aina walikuwa wamejificha humo. Eneo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita mraba 190,000, yaani kiasi cha theluthi moja ya Kenya. Parker alitaka maafisa 200 wa kulisafisha. Mtu aliyezungumza lugha za wenyeji, aliyeijua ardhi, mrefu wa takriban sentimita 188, mwenye nguvu na shabaha ya bunduki isiyokosea, hakuweza kupuuzwa kwa sababu ya rangi. Fauka ya hayo, wenyeji waliwaamini Weusi kuliko Wazungu. Ndipo Reeves akaapishwa kuwa naibu wa mashali, miongoni mwa Weusi wa kwanza kushika wadhifa huo magharibi mwa Mississippi.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Afisa alilipwa ada kwa kila kibali alichokitekeleza na senti chache kwa kila maili aliyosafiri, juu ya zawadi iliyotolewa kwa kichwa cha mhalifu fulani. Akimuua mshukiwa badala ya kumfikisha mahakamani, alipoteza ada yake, na aghalabu ikiwa hakuna jamaa aliyejitokeza, gharama za mazishi zilimwangukia yeye mwenyewe. Zaidi ya maafisa 60 waliuawa wakiitumikia mahakama ya Parker. Reeves alisafiri na gari la farasi, mpishi na askari msaidizi, akazunguka kwa wiki kadhaa, kisha akarejea Fort Smith na msururu wa mahabusu waliofungwa minyororo.

Hakujua kusoma wala kuandika. Kabla ya kuondoka alisomewa vibali vyote, akayakariri majina na makosa, na kila alipomkamata mtu aliweza kuchomoa karatasi iliyomhusu. Inasimuliwa kwamba hakuwahi kumkamata mtu asiyefaa kwa sababu ya kutojua herufi. Alikuwa bingwa wa kujibadilisha sura. Kisa kinachopendwa zaidi ni cha ndugu wawili waliokuwa wamejificha nyumbani kwa mama yao. Reeves aliacha farasi na wenzake mbali, akavaa nguo chakavu na kofia iliyotobolewa kwa risasi, akatembea kwa miguu kiasi cha kilomita 45 hadi kwa mama huyo, akajifanya mkimbizi wa sheria mwenye njaa. Mama alimkirimu kwa chakula na malazi, na vijana waliporudi usiku wakamkubali kuwa mwenzao. Kulipopambazuka walijikuta wamefungwa pingu. Mama mtu alimfuata mgeni wake njiani akimwapiza kwa kila laana aliyoijua, hadi akachoka akarudi.

Kufikia mwaka 1901 magazeti yalikadiria kuwa alikuwa amekamata watu zaidi ya 3,000. Idadi ya aliowaua hutajwa kuwa 14. Hesabu za namna hii hupenda kunenepa kadiri zinavyosimuliwa, lakini kumbukumbu za mahakama ya Fort Smith zinathibitisha mamia ya kesi alizozifikisha, na hilo pekee latosha. Risasi zilimpasulia kofia, zikamkata mshipi na hatamu, lakini yeye mwenyewe hazikumdhuru. Jim Webb, nyapara wa ranchi aliyemuua mhubiri Mweusi kwa sababu ya moto wa nyasi uliosambaa, alipigana naye kwa risasi mwaka 1884. Alipokuwa anakata roho, Webb alimwita Reeves na kumpa bastola yake iwe kumbukumbu, kwa kuwa hakuwahi kukutana na mwanamume shujaa kama yeye.

Mwaka huohuo wa 1884 ndio uliomtia Reeves doa. Wakiwa kambini, risasi kutoka kwa bunduki yake ilimpata mpishi wake, William Leach, naye akafa. Reeves alisema alikuwa anajaribu kuitoa risasi iliyokwama ndani ya bunduki ndipo ikafyatuka. Wengine walidai kuwa wawili hao walikuwa wamegombana. Mwanzoni mwa 1886 alishtakiwa kwa mauaji, akatupwa katika jela ileile alikokuwa akiwapeleka watu, akakaa humo miezi kadhaa kabla ya kupata dhamana. Mwezi Oktoba 1887 alisimama mbele ya Jaji Parker, mkubwa wake, ambaye mahakama yake iliwahukumu watu 160 kifo na kuwanyonga 79. Baraza la wazee wa mahakama lilimwondolea hatia. Lakini mawakili walikuwa wamemmaliza kifedha. Aliiuza nyumba yake, na mali aliyoichuma kwa jasho na damu haikurudi tena. Ukweli wa mambo ni kwamba Reeves wa miaka 20 ya mwisho alikuwa maskini kuliko Reeves wa miaka kumi ya kwanza, na umaskini huo unafafanua mengi yaliyofuata.

Miaka ya 1890 ilileta mabadiliko mengi. Aliwahi kuhamishiwa mahakama ya Paris, Texas, iliyokuwa imepewa sehemu ya eneo hilo. Mwaka 1896 ulimtwaa mkewe Jennie. Mwaka huohuo mahakama ya Fort Smith ilinyang'anywa mamlaka juu ya Indian Territory, na wiki chache baadaye, Novemba 17, Jaji Parker akafa. Alizikwa katika makaburi ya taifa mjini humo, chini ya jiwe lenye jina lake. Reeves alihamia Muskogee, mji uliopata jina lake kutoka kwa taifa la Wakreek, na uliokuwa umefanywa makao ya mahakama mpya ya serikali kuu. Mwaka 1900 alioa tena, akamchukua Winnie Sumter. Alikuwa amepita miaka 60, lakini aliendelea kupanda farasi na kuingia vichakani.

Ndipo ikaja Juni 1902. Mmoja wa wanawe, Bennie, alimuua mkewe, Castella, kwa risasi mjini Muskogee, kwa tuhuma za wivu. Mashali wa wilaya wakati huo alikuwa Dkt Leo Bennett. Kibali cha kumkamata Bennie kilipotolewa, maafisa wenzake hawakujua watamtazamaje mzee. Wapo walioona ni heri apewe mtu mwingine, na wapo waliohofia kwamba kijana angepigana na kuuawa. Reeves alikitaka kibali hicho mwenyewe. Hakuna rekodi ya yaliyopita baina ya baba na mwana walipokutana, na ni vyema waandishi wa filamu wakumbuke hivyo. Kinachojulikana ni kwamba Bennie alifikishwa mbele ya sheria akiwa hai. Alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa katika gereza la serikali kuu la Leavenworth, Kansas.

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wengi hulinukuu neno hilo wakiwa upande usiokatwa. Kwa Reeves meno ya msumeno yaliingia nyumbani, na kwa muda wa miaka minane iliyosalia ya uhai wake aliishi katika mji uleule ulioijua aibu hiyo, akivaa beji ileile. Wasifu wake mara nyingi huishia hapo kwa makofi, kana kwamba kumkamata mwana kulikuwa ushindi. Inafaa ikumbukwe pia kwamba mzee huyo alipoteza mwana na mkaza mwana kwa siku moja, na kwamba Castella, aliyeuawa, hutajwa kama kiungo cha hadithi ya wanaume wawili.

Hata katika uzee hatari haikumwacha. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 68, alishambuliwa kwa risasi karibu na Muskogee akiwa katika kigari chake cha farasi, akanusurika. Machi 1907 alikuwa miongoni mwa maafisa waliofika katika mapambano makali ya risasi mjini humo, baada ya kikundi kimoja cha watu Weusi kukataa kuondoka katika nyumba waliyoamini kuwa haki yao.

Pigo kubwa, hata hivyo, lilitoka kwa wanasiasa. Kwa miaka mingi Weusi walikuwa wakimiminika katika eneo hilo kutoka majimbo ya kusini wakitafuta mahali pa kupumua. Walianzisha miji yao wenyewe, ukiwemo Boley, ulioasisiwa mwaka 1903 na kumvutia msomi Booker T. Washington kuutembelea. Wapo waliota kwamba eneo hilo lingekuwa jimbo ambalo Mweusi angepiga kura, amiliki ardhi na ashike vyeo. Reeves alikuwa ushahidi hai kwamba jambo hilo liliwezekana: Mweusi aliyekuwa akiwafunga Wazungu pingu kwa idhini ya serikali, na Wazungu wakatii.

Novemba 16, 1907, Indian Territory na eneo jirani la Oklahoma viliunganishwa na kuwa jimbo la 46 la Marekani. Gavana wa kwanza, Charles Haskell, alikuwa mkazi wa Muskogee. Muswada wa kwanza kabisa uliopitishwa na Seneti ya jimbo hilo jipya haukuhusu barabara wala shule. Ulihusu kuwatenga Weusi na Wazungu katika mabehewa ya gari moshi na vyumba vya abiria kungojea. Sheria hiyo ilitiwa saini mwezi Desemba, kabla ya jimbo kutimiza miezi miwili. Maafisa wengi wa serikali kuu waliachishwa kazi kwa kuwa majukumu yao yalichukuliwa na kaunti na jimbo. Baada ya miaka 32, Bass Reeves alirudisha beji.

Mtu wa miaka 69 angetarajiwa kukaa barazani. Yeye hakuwa na akiba, na serikali aliyoitumikia haikumwekea malipo ya uzeeni. Akajiunga na polisi wa mji wa Muskogee akiwa askari wa kawaida wa doria. Aliyekuwa akifukuza wahalifu kwa mamia ya kilomita sasa alipewa mitaa michache katikati ya mji aizunguke kwa miguu. Wazee waliomwona wakiwa watoto walikumbuka kwamba alitembea na bakora, na kwamba pembeni yake alikuwapo msaidizi aliyebeba mkoba wenye bastola. Inasemekana kwamba katika kipindi chote cha takriban miaka miwili aliyolinda mitaa hiyo hapakuripotiwa uhalifu. Huenda majambazi walikuwa wamesahau mambo mengi, lakini jina lake hawakulisahau.

Ni vigumu kuupima uchungu wa hali hiyo. Mwanamume aliyelindwa na kiapo cha serikali kuu sasa alikuwa raia wa jimbo lililoandika katika sheria kwamba hastahili kuketi behewa moja na watu aliokuwa akiwalinda. Hakuacha barua, kwa kuwa hakujua kuandika, na waandishi wa habari hawakumwendea kumuuliza. Alikwenda doria, akarudi nyumbani.

Mwaka 1909 afya yake ilidhoofika, akaacha kazi. Maradhi yaliyomsumbua yalikuwa ya figo, ambayo wakati huo yaliitwa kwa jina la daktari Mwingereza Richard Bright aliyeyachunguza. Hayakuwa na tiba. Mwili huvimba kwa maji, pumzi hukatika, na mgonjwa huisha polepole. Mnamo Novemba magazeti ya Muskogee yaliarifu kuwa naibu wa mashali wa zamani alikuwa hoi kitandani na hakutarajiwa kupona. Mkewe Winnie alimuuguza. Januari 12, 1910, Bass Reeves alifariki akiwa na umri wa miaka 71. Risasi za miaka 32 zilikuwa zimemkosa.

Wahariri walimsifu. Kuna kitu cha ajabu katika tanzia hizo, kwani ziliandikwa katika mji uliokuwa katika harakati za kuwafungia Weusi milango yote. Mwezi Agosti mwaka huohuo, wapiga kura wa Oklahoma waliidhinisha mabadiliko ya katiba yaliyowataka wapiga kura wafanyiwe mtihani wa kusoma na kuandika, isipokuwa wale ambao babu zao walikuwa na haki ya kura kabla ya 1866. Kwa maneno mengine, Mzungu asiyejua kusoma angepiga kura kwa hisani ya babu yake, na mjukuu wa mtumwa angezuiwa. Reeves, ambaye hakujua herufi, asingeruhusiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikifutilia mbali kipengele hicho mwaka 1915. Wakati huo alikuwa kaburini miaka mitano.

Lakini ni kaburi lipi? Hapo ndipo watafiti wamekwama. Ubaguzi uliotenga mabehewa ulitenga pia wafu, na Weusi walizikwa mbali na Wazungu. Familia zisizo na uwezo aghalabu ziliweka mbao badala ya mawe, na mbao huoza. Oklahoma ilianza kusajili vifo mwaka 1908, na usajili haukuwa wa lazima hadi 1917. Kwa hiyo mtu aliweza kufa 1910 bila serikali kuwa na karatasi ya kueleza alikozikwa. Familia yenyewe ilitawanyika. Baadhi ya watu huyataja makaburi ya zamani yaliyo magharibi mwa mji, karibu na jengo la mawe lililokuwa afisi ya serikali ya kushughulikia mataifa ya wenyeji. Jengo hilo sasa ni makavazi ya mataifa yale matano. Wengine hutaja makaburi mengine mjini humo. Hakuna aliyepata jiwe wala sajili ya kumaliza ubishi.

Aliyejitahidi zaidi kumfufua ni mwanahistoria Art Burton, mzaliwa wa Oklahoma. Alipoanza kuuliza, mfanyakazi wa afisi moja ya historia alimjibu kuwa pole, hawakuhifadhi historia ya watu Weusi. Burton akageukia masjala za mahakama, vibali vya zamani, magazeti yaliyochakaa na kumbukumbu za wazee, akapata maelfu ya kurasa. Kitabu chake, Black Gun, Silver Star, kilichapishwa mwaka 2006, na wengi walioandika baada yake wameteka maji katika kisima hicho. Mwaka mmoja kabla, Paul Brady, jaji mstaafu aliyekuwa kitukuu wa ukoo huohuo, alikuwa ametoa kitabu kuhusu mzee huyo. Kulikuwa na utumwa mwanzoni mwa ukoo huo, na baadaye ukatoa jaji wa kwanza Mweusi wa mahakama za kiutawala za serikali kuu.

Burton pia alitoa wazo lililozua mjadala: kwamba huenda Reeves ndiye kiini cha Lone Ranger, shujaa aliyevaa barakoa katika mchezo wa redio ulioanza Detroit mwaka 1933, kisha televisheni. Kufanana kupo, kama vile kujibadilisha sura na msaidizi mwenyeji asilia, lakini ushahidi wa kuunganisha wawili hao haupo. Wazo hilo limependwa kupita kiasi. Reeves hahitaji kuazima umaarufu wa mhusika wa kubuni, na tena Mzungu.

Heshima zimekuja, japo kwa kuchelewa. Mwaka 2011 Oklahoma iliupa jina lake daraja la barabara kuu linalovuka Mto Arkansas kati ya Muskogee na Fort Gibson. Mei 2012 sanamu yake ya shaba akiwa juu ya farasi, iliyochongwa na Harold Holden, ilizinduliwa Fort Smith. Mwaka 2019 tamthilia ya Watchmen ilifunguliwa kwa mtoto Mweusi akitazama filamu kumhusu mjini Tulsa, siku ya mwaka 1921 ambapo Wazungu waliuteketeza mtaa wa Greenwood. Novemba 2023 ulianza mfululizo wa televisheni kuhusu maisha yake, na aliyeigiza nafasi yake ni David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria.

Bennie aliachiliwa baada ya kutumikia takriban miaka 11 gerezani, na hakuonekana tena mahakamani. Alitoka mwaka 1914. Baba yake alikuwa ameaga dunia miaka minne awali.

Watu wanaofika Muskogee wakiulizia kaburi huelekezwa darajani, au hushauriwa waendeshe gari zaidi ya kilomita 100 hadi Fort Smith. Huko sanamu ya shaba imeshika bunduki, farasi ameelekezwa magharibi, upande wa nchi ambako mwenyewe amelala.